Kuku wa Carmelita

Siku tuliyomzika mama mkwe wangu Carmelita nilichinja kuku kumi na tisa kwa mikono yangu miwili, na kwa sababu hiyo wifi yangu Herminda alininunia miaka mitatu.

Nisikilizeni kwanza kabla hamjamhurumia. Kwetu kando ya ziwa Budi hatumziki mtu wageni wakiwa na njaa. Anayekuja kukulilia anakula, na akiondoka anabeba nyama ya wanawe. Siku ile walikuja watu kama mia mbili, wamelizunguka ziwa kwa mikokoteni ya ng'ombe, na mvua ilikuwa ile ya kusini isiyojua kuacha. Kondoo wawili waliisha kabla ya adhuhuri. "Elcira," mume wangu Belisario akaniambia, "ingia bandani." Nikaingia bandani. Mali ya marehemu ndiyo inayomsindikiza marehemu. Desturi hiyo sikuianzisha mimi.

Herminda, dada yake Belisario, alifika na basi la Santiago mazishi yamekwisha kuanza. Akala bakuli lake la mchuzi pamoja nasi. Kesho yake asubuhi nilimkuta amesimama uani kwa mama yake, ngano imejaa kiganjani, anaita vile vile mama alivyokuwa akiita: tiki, tiki, tiki. Hakutokea hata mmoja. Akanigeukia.

"Wifi, hata mmoja hukubakiza?"

"Wageni mia mbili, wifi."

"Hata mmoja?"

"Na wewe si umekula?" nikamjibu, maana ulimi wangu ndivyo ulivyo.

Akaimwaga ngano matopeni. Jioni akapanda basi.

Miaka mitatu baadaye alirudi moja kwa moja, ana miaka hamsini na minane na masanduku mawili. Bibi tajiri ambaye Herminda alikuwa akimpikia huko Santiago alikuwa amefariki. Akaingia katika nyumba ya mama yake, ng'ambo tu ya kijito kutoka kwangu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: kwa miezi kadhaa aliamka alfajiri kumwandalia chai bibi ambaye hayuko tena duniani, kisha anakumbuka, anakaa na birika lake mapajani. Nilimpelekea kuku wanne wekundu wa kisasa, hao wanaotaga kila siku kana kwamba wana mshahara. Akanirudishia.

"Asante, wifi. Nataka wa mama."

"Wa mama hawapo."

"Ndiyo hao ninaowataka."

Kuku wa mama mkwe hawakuwa na mkia kabisa. Nyuma walikuwa mviringo kama chungu. Mashavuni, huku na huku, vilichomoza vishungi vya manyoya ambavyo wanawake wa kwetu huviita herini. Na walitaga mayai ya rangi ya samawati. Herminda alipelekwa Santiago akiwa na miaka kumi na minne, na aliniambia kwamba katika miaka yote arobaini na minne ya jiko la watu, kila alipovunja yai jeupe aliona kama anavunja kitu cha uongo. Alipolisema hilo nilimhurumia, nakiri. Hakuna usiku aliolala Santiago, alisema, bila kulipita banda lile kichwani mwake, kuku mmoja mmoja, hadi usingizi umchukue.

Dawa ilikuwa moja. Mama mkwe alikuwa mtu wa kutoa. Kila majira ya kuchipua alikuwa na mtu wa kumpelekea vifaranga: shoga yake, jirani aliyevamiwa na mbweha, msichana aliyeolewa mbali. Kwa hiyo mbegu yake ilikuwa bado hai, imetawanyika kuzunguka ziwa. Nikamwambia, basi tuifuate.

Nyumba ya kwanza tuliharibu. Mama Otilia alitukaribisha vizuri, akatia motoni maji ya mate, yale majani tunayokunywa kwa kibuyu kama chai, vifaranga wanalia ndani ya kikapu kando ya moto. Herminda akafungua pochi. Mama Otilia akaliondoa birika motoni.

"Wewe ni binti wa Carmelita kweli?"

"Ndiye mimi, mama."

"Carmelita alikuja hapa na vifaranga kifuani, ndani ya shali. Pochi sikuiona."

Tulirudi wiki iliyofuata na vibunda vya sufu niliyoisokota mwenyewe na mfuko wa mbegu za kinoa. Birika likarudi motoni, na milango mingine ya ziwani ikafunguka.

Lakini kuchagua kwake, jamani! Anachuchumaa mbele ya kikapu, anampindua kifaranga, anampapasa nyuma kwa dole gumba kuona kama kuna kifupa cha mkia. Kikiwepo, kando. Kisha anamgeuza shavu, anatafuta vile vinyoya vya herini. Visipokuwepo, kando. Mama Otilia alimwekea mkononi kimoja cha rangi ya majivu, chenye mkia, mashavu matupu.

"Mchukue na huyu. Ndugu yao."

"Wa nini? Mama hakuwa na kuku wa hivi."

"Alikuwa naye."

"Mimi simkumbuki."

"Mchagua nazi hupata koroma, wifi," nikamnong'oneza. Hakunisikia. Mimi nilimkumbuka jogoo mmoja mwenye mkia aliyekuwa akizurura uani kwa mama mkwe, lakini siku zote nilidhani alibaki kwa kuwa hakuna aliyemtaka. Nikafunga mdomo. Mchinjaji ana neno gani?

Katika nyumba nne tulipata vifaranga kumi na mmoja, wote nyuma duara, wote wana herini. Kati yao majogoo walitokea wawili. Baridi nzima Herminda aliwalea jikoni kwake, akiwapondea viazi na kuwaita kwa majina ya shangazi zake waliokufa. Mwezi wa tisa alikuja kwangu mbio, amefumbata kitu kwa viganja viwili. Yai. Samawati, lina joto bado. Alinipa nilishike, akakaa kwenye kigoda changu akalia, nami nikalia, na mkiniuliza mimi nililia nini, sijui.

Tukatia mayai kumi na tatu chini ya koo mmoja aliyeanza kuatamia. Ganda la samawati ni zito, taa haionyeshi kilichomo ndani, kwa hiyo kwetu tunasubiri siku ya kumi na tisa, tunayatia katika beseni la maji ya uvuguvugu. Yai lililo hai hucheza. Tuliinama juu ya lile beseni kama tunaosoma barua. Mawili yalicheza. Kumi na moja yalielea tu.

Vikatoka vifaranga viwili, kimoja kikafa. Yaliyobaki Herminda aliyavunja moja moja nyuma ya banda. Manane yalikuwa viza tangu mwanzo, hayakuwa na kitu. Katika matatu walikuwamo vifaranga kamili, kucha zimekamilika, mdomo umekamilika, na mashavuni zile herini, zimelowa, zimelala. Wamekufa wakiwa wamebakiza siku mbili.

"Joto lilipungua," nikasema.

Tukarudia mwezi wa kumi na moja, chini ya koo mwingine. Mambo yakawa yale yale. Safari hii hakulia, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mama hataki," akasema. "Alinitoa nyumbani, basi. Hataki nirudi na kitu chake."

"Mama yako amekufa, wifi. Waliokufa hawana kazi ya kukaa kwenye mayai."

Lakini nilikwenda kumuuliza Mama Otilia, naye akaniambia: nendeni kwa Rosenda Calfuqueo. Ilikuwa nyumba ya mwisho ya ziwa, tuliyoiruka makusudi, kwa sababu tulisikia kuku wake ni wabaya wa sura.

Walikuwa wabaya kweli. Bibi Rosenda, rafiki wa mama mkwe tangu usichana wao, alitupokea kwenye ua wenye kuku wa kila namna: mwenye mkia na herini, asiye na mkia wala herini, na mmoja alikuwa na herini upande mmoja tu. Jogoo alikuwa wa rangi ya majivu machafu, mkia mrefu, mashavu matupu, sauti ya mtu mwenye mafua. Herminda alimsimulia yote, mate ikizunguka mkono kwa mkono. Bibi kizee akacheka hadi akashika mbavu.

"Mwanangu, umewaozesha wazuri kwa wazuri!"

"Si ndio wa mama?"

"Herini kwa herini haziivani, vifaranga vinafia ndani ya ganda. Na asiye na mkia akimpanda asiye na mkia, nusu ya mayai hewa. Carmelita hakuwahi kukaa bila jogoo mwenye mkia. Huyu hapa ni mjukuu wa jogoo wake. Wazuri aliwagawa. Mwenye sura ya sufuria kama huyu ndiye aliyembakisha nyumbani, akamlisha wa kwanza."

"Mimi simkumbuki," Herminda akasema tena, taratibu.

"Nani anamkumbuka mbaya?" Bibi akajaza tena kibuyu cha mate. "Hata mama yako mwenyewe akija hapa, hakuwa akimtazama jogoo. Alitazama wale aliowatoa."

"Alikuja hapa?"

"Kila mwaka. Anatoka kwake alfajiri, anafika hapa saa za chakula. Anakaa hapo hapo ulipokaa, anawatazama kuku wake, anakunywa mate. Haulizi kitu. Jua likipinda anarudi."

Herminda akaweka kibuyu chini. Nilimjua, nikajua kinachokuja, nikatamani ardhi inimeze.

"Kuku ndio aliokuja kuwaona kila mwaka."

"Kila mwaka."

"Mimi miaka yote ile ya Santiago, bibi. Mlangoni kwangu hakufika siku moja. Nilikuwa nakuja mimi, siku kumi za likizo, nikikuta anashughulika na banda. Kuku ndio aliokuwa akiwafuata hadi huku!"

Mtu mwingine angemfariji, angemwambia mama alikupenda, mama alikulilia. Bibi Rosenda alimtazama tu.

"Kuku walikuwa karibu, mwanangu," akasema. "Walifikika kwa miguu."

Jogoo akawika na mafua yake. Herminda alijifunika uso kwa shali, mabega yakawa yanatikisika, na Bibi Rosenda akaendelea kunywa mate yake kwa utaratibu. Tulipoondoka alimkamata jogoo mwenyewe, akamfunga miguu, akakataa sufu yetu. Alisema alikwisha kulipwa zamani.

Njiani Herminda alimbeba yule jogoo kwapani, mkia unampiga kiunoni kila hatua. Tulikuwa tumefika kwenye mikalitusi ndipo aliponiambia, "Wifi, unajua nimeishi maisha yangu yote nikiwaonea wivu kuku?"

"Najua," nikasema, ingawa ndipo tu nilipojua.

Wale majogoo wawili wazuri tuliwatoa, mmoja kwa Mama Otilia, mmoja kwa binamu wa Belisario mwenye matetea ya mkia. Tukangoja wiki tatu mbegu ya majogoo hao iishe tumboni mwa matetea yetu. Kisha mayai kumi na tatu. Siku ya kumi na tisa, ndani ya beseni, kumi yalicheza, yanagongana na kugeuka, hadi maji yakaturukia usoni. Walitoka tisa. Wengine walikuwa na mkia, wengine hawana, na wenye herini walikuwa wanne. Herminda aliketi sakafuni kando ya sanduku, na nilipokuja asubuhi yake nilimkuta bado yupo pale pale, chai imepoa pembeni. Hakuwa amemtengenezea bibi wa Santiago; ilikuwa yake.

Walipotimiza wiki sita alikuja kwangu, shali imefungwa kifuani. Nilidhani amekuja kunionyesha. Akatoa mmoja mweusi, nyuma duara, herini mbili zimesimama sawasawa, mzuri kuliko wote. Akatoa na mwenziwe wa rangi ya majivu, mwenye mkia.

"Hawa wako."

"Una wazimu wewe? Huyu mweusi ndiye haswa uliyemtafuta mwaka mzima!"

"Ndiyo."

"Herminda. Ni mimi niliyewamaliza."

"Najua ni wewe. Kinga mikono."

Niliolewa katika ukoo huu nikiwa msichana, nikaishi ng'ambo ya kijito na Carmelita miaka ishirini na miwili. Ziwa zima lilipewa vifaranga, mimi sikupewa hata mmoja, na sikuwahi kumwambia mtu kwamba niliumia. Nikakinga mikono. Kile cheusi kilikuwa chepesi mno, moyo wake unadunda kwenye kidole changu.

"Wapelekee watu wa mbali, wifi," nikasema. "Mama yako aliwapa wa mbali."

"Mimi si mama," akasema, akiifunga shali yake. "Wewe nakupa kwa sababu kwako naweza kuja kwa miguu."