Siku Nilipowanyang'anya Wakwe Kahawa

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka wajukuu wananitazama. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, nikisoma kidato cha tatu katika shule ya bweni pale Kibaha, na nilikuwa na maoni. Maoni ndiyo mali pekee niliyokuwa nayo, na niliyagawa bure kwa yeyote aliyekosea akakaa kimya mbele yangu.

Ilikuwa miaka ile watu wanahamia vijiji vya ujamaa. Alfajiri tulikimbia mchakamchaka tukiimba, tukalima bustani ya shule, tukaingia darasani. Jioni gazeti likifika maktaba, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kulishika. Nililisoma lote, hadi matangazo ya vifo, kisha nikatoka nje kuwaeleza wenzangu nchi inavyopaswa kuendeshwa. Nilikuwa mtu wa mila. Suruali za bugaluu, zile pana chini, kwangu zilikuwa dalili ya kiama, wigi vilevile, na msichana aliyecheza dansi za kigeni nilimwombea dua aongoke. Kuhusu vijiji nilikuwa na maoni mawili. Kwenye somo la siasa niliviunga mkono, nikapata alama nzuri. Likizo ikifika, nyumbani kwetu Kisarawe, nilimuunga mkono Baba aliyekuwa akiuliza nani atapalilia makaburi ya wazee tukihama. Yote mawili niliyasema kwa sauti kubwa, tena bila haya.

Kwenye mijadala ya shule walinipa upande wa mila bila hata kuniuliza. Kichwa kikanivimba, nikaandika barua gazetini kulaani nguo fupi maofisini. Ikachapishwa! Niliikata nikaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu la bati. Humo nilitoa mfano wa dada mmoja, mpiga chapa katika ofisi moja pale Kibaha, ambaye gauni lake halikufika magotini. Sikumtaja jina. Lakini mpiga chapa niliyemfahamu mimi Kibaha nzima alikuwa mmoja tu, dada yangu Zena, na ofisini kwao kila mtu alijua ana mdogo wake anayesoma jirani. Zena hakuniambia neno. Jumapili iliyofuata alikuja kunitembelea kama kawaida yake, kaniletea mkate, kajifunga kanga mbili.

Sasa, Zena alikuwa na mchumba. Aliitwa Ramadhani, bwana shamba kijana, Mnyamwezi wa Tabora, mpole na mwenye kuswali. Kosa lake kubwa machoni pangu lilikuwa suruali yake, ambayo chini ungeweza kufuga kuku. Zena alimpenda jamani, ukimtaja tu jina lake anakosea kukoroga ugali. Tatizo lilikuwa Baba. Mama yetu alifariki tungali wadogo, tukalelewa na Bibi, mama yake Baba, na Zena akawa ndiye tegemeo la nyumba. Baba aliogopa kumwoza kwa watu asiowajua. "Tabora si hapo nyuma ya mlima," alisema. "Nikimtoa kwa wageni wasiotujua, nani atamwonea huruma?" Mwishowe akakubali jambo moja: wazee wa kijana waje, awaone ni watu wa namna gani, siku hiyohiyo atasema ndiyo au hapana, na neno hilo halitarudiwa. Zena alikonda kwa kungoja.

Wakaja Jumamosi alasiri, wakati wa likizo. Aliyeongoza ni Mzee Shabani, baba mkubwa wa Ramadhani, mtu mnene mwenye ndevu nyeupe, aliyesafiri kwa treni kutoka Tabora kwa kazi hiyo tu. Alifuatana na mwenzake mmoja. Ramadhani mwenyewe, kama ilivyo desturi, alibaki Kibaha. Wageni waliketi barazani pamoja na Baba; Bibi na Zena wakawa ndani wametega masikio, na mimi nikapewa kazi ya kupeleka kahawa.

Nikueleze, mwanangu, kwetu kahawa ya posa haikuwa ya kukata kiu. Mgeni akiinywa, maneno yake yamepokelewa na mazungumzo yanaendelea. Ikiondolewa mbele yake kabla hajainywa, ameshajibiwa, avae viatu aende zake. Hilo nililijua vizuri sana, maana mila nilikuwa nazijua. Ndivyo nilivyoamini.

Nikamimina kahawa, nikawawekea vikombe, nikarudi ndani kufuata sahani ya kashata. Nilipotoka tena nilikuta mambo yamebadilika. Mzee Shabani kasimama katikati ya baraza, kamvua Baba kofia yake ya viua, kaivaa yeye! Na mdomo wake haujatulia:

"Nyie Wazaramo mngefaa kuuzwa kwa chumvi, ila siku hizi hata chumvi yenyewe haionekani. Tumesikia humu mna binti mmeshindwa naye. Babu zetu walipita hapa na mizigo mizito kuliko huyo. Mtoeni tumbebe, tuna njaa!"

Baba alikuwa kichwa wazi, uso kauficha kwenye viganja, mabega yanatikisika. Nilikuwa sijapata kumwona Baba kichwa wazi mbele ya watu. Nikadhani analia. Damu ilinichemka, nikaweka sahani chini, nikasimama kama nilivyokuwa nikisimama kwenye mijadala, mkono mmoja nyuma.

"Waheshimiwa wageni," nikasema, "nyumba hii ina heshima yake. Mtu anayemvua mzee wa watu kofia nyumbani kwake hajafundwa. Kama huu ndio ustaarabu wa kwenu, dada yangu haolewi huko!"

Kisha nikakusanya vikombe, vimejaa, vinafuka mvuke. Kimoja kilikuwa kimeshafika mdomoni mwa yule mwenzake. Nikamnyang'anya. Nikaingia navyo ndani kifua mbele, nikingoja kupongezwa.

Zena alinitazama mara moja tu, akajifunika uso kwa kanga. Nje nilisikia viti vinasogezwa, na Mzee Shabani akisema kwa sauti iliyopoa, "Haya. Tumesikia. Twendeni." Baba aliwasihi wakae, akawaambia huyo ni mtoto tu, lakini kahawa ilikuwa imeshaondolewa, na aliyeiondoa alikuwa damu ya nyumba ile. Nikasikia viatu vyao vinashuka ngazi za baraza.

"Nani amekutuma?" Bibi akaniuliza.

"Amemtukana Baba, Bibi! Baba analia!"

"Baba yako anacheka, mjinga wee! Tangu habari hii ianze hajacheka, leo ndiyo alikuwa anacheka!"

Bibi akanivuta mkono, akanikalisha kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi.

"Wale ni watani zetu," akasema. "Tangu enzi za misafara, walipokuwa wakipita huku na mizigo kwenda pwani. Babu yako alipokufa, Mnyamwezi mmoja aliingia kaburini akalala, akasema hazikwi mtu humu mpaka apewe kuku. Tulilia huku tunacheka. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu."

"Lakini huo ulikuwa msiba, Bibi. Hii ni posa."

"Kwani mtu ni ndugu yako msibani tu? Baba yako alikuwa anaogopa kumtoa mtoto kwa wageni. Yule mzee alipomvua kofia, ndipo alipojua anampeleka kwa watu wanaotujua. Angekuja na maneno ya asali matupu, mimi ningekuwa wa kwanza kumkataa. Unazilinda mila, mjukuu wangu, na huzijui."

Maneno yale yaliniingia, mwanangu. Nilikuwa nimeshindwa mijadala miwili mitatu maishani, lakini hakuna aliyewahi kunishinda namna ile. Nikasema nitawakimbilia niwaombe radhi.

"Thubutu!" Bibi akasema. "Ukimwomba mtani radhi umemwambia kwamba lile lilikuwa tusi kweli. Utakuwa umeharibu mara ya pili. Nenda kamtukane."

"Nimtukane mtu mzima?"

"Tena kwa sauti, watu wasikie."

Mimi, niliyekuwa nawapigia goti hata wapishi wa shule! Nilikimbia kanga mkononi, nikipita kwenye mihogo ya jirani ili nikate njia. Nilijua basi likifika kabla yangu, dada yangu ameshapoteza mume kwa sababu yangu. Nikawaona karibu na ghala la korosho, hatua chache tu kutoka kituoni, na kituoni palikuwa na watu wengi waliotoka gulioni. Na kwa nyuma nikaona kitu ambacho kwa mshtuko wao hakuna aliyekikumbuka. Mzee Shabani alikuwa bado amevaa kofia ya Baba.

"Shikamoo," nikasema kwanza. Mazoea.

Akasimama. Hakuitika. Nilihofu, nikafumba macho, nikapayuka.

"Simameni hapo, wezi! Mmezoea kutembea na mali za watu vichwani tangu enzi za babu zenu, leo mmeanza na kofia ya baba yangu! Na kichwa chenyewe hicho kimeshaipanua, nani ataivaa tena? Irudishe mwenyewe! Na kahawa yenu mkaimalize, hata mbuzi wetu wameikataa!"

Nilifumbua jicho moja. Mzee Shabani akapeleka mkono kichwani taratibu, akaigusa ile kofia, akaigusa tena. Halafu akakaa chini palepale mchangani na kanzu yake nyeupe, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mwenzake akampiga mgongoni, naye anacheka, na watu wa gulio ambao hata hawakujua habari ikoje wakaangua kicheko pia.

"Marahaba," akasema alipopata pumzi. "Marahaba, mwanangu, marahaba. Nilidhani Wazaramo wa kweli wamekwisha, wamebaki wasoma magazeti."

Kisha akanitoza faini ya utani. Akanikabidhi begi lake, zito kama limejaa mawe, akasema leo mpagazi ni mimi. Nikalitwika kichwani, nikatangulia. Njia nzima alinihimiza kwa nyimbo za safari, watoto wakatufuata wakiitikia, na kina mama walitoka majumbani kumwona binti wa kidato cha tatu, mwenye barua gazetini, akibebeshwa mzigo. Sikuwahi kuona haya kiasi kile, na sikuwahi kufurahi kiasi kile.

Barazani Mzee Shabani alimvisha Baba kofia yake kwa mikono miwili, akadai vikombe vilevile na kahawa ileile iliyopoa. Wakanywa. Baba akasema ndiyo kabla hata hajaulizwa, na Bibi, kwa umri wake ule, akapiga vigelegele vilivyofika nyumba ya tano.

Wageni walipoondoka, mimi na Zena tuliosha vyombo uani. Nikamwambia, "Dada, nisamehe." Aliendelea kusugua kikombe.

"Una maoni juu ya gauni langu," akasema. "Una maoni juu ya kazi yangu. Leo umetoa maoni juu ya wakwe zangu. Tumelala kitanda kimoja tangu umeacha kunyonya, na hujawahi kuniuliza kitu hata siku moja."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata la kujibu. Nililia pale juu ya beseni, na nilipomaliza kulia nikamuuliza swali langu la kwanza: "Ramadhani umempendea nini?" Zena akaweka kikombe chini. Alizungumza mpaka adhana ya magharibi ikalia, na mimi, mwanangu, nikanyamaza. Niligundua nina dada mwenye akili nyingi na vichekesho vingi, na nilikuwa nikiishi naye kama jirani.

Usidhani niligeuka mtu mwingine. Mpaka leo hapa mtaani Picha ya Ndege, Kibaha, wananijua kwa mila zangu. Nguo fupi siipendi, na yako hiyo nimeiona, nimenyamaza tu kwa sababu umeniletea ndizi. Msimamo si dhambi, na kijana asiye na msimamo hanipendezi. Lakini nakuona na simu yako, hujanawa uso, umeshatoa hukumu juu ya ndoa za watu, dini za watu, na serikali za nchi usizozijua ziko wapi. Nami nilikuwa hivyohivyo, tofauti yetu ni kwamba gazeti langu lilikuja mara moja kwa siku.

Basi sikiliza nasaha yangu. Kabla hujasema lolote juu ya mtu, nenda kwanza kwa mtu huyo umuulize, kisha ukae umsikilize mpaka amalize, hata kama jibu lake ni refu na wewe una haraka. Na mila unayotaka kuilinda, kajifunze kwa wanaoiishi, usije ukawafukuza ndugu zako mlangoni ukidhani unailinda nyumba. Ukikosea, na utakosea, kimbia ukarekebishe siku hiyohiyo, mabasi yenyewe hayangoji mtu. Mungu akupe sauti ya kusema kweli, akupe na utulivu wa kuuliza kabla ya kusema. Akuzungushie watu wanaokupenda kiasi cha kukuvua kofia mbele za watu, na siku watakapokuvua, akujalie ucheke.