Kigari Changu Ndani ya Kopo la Biskuti

Nianze na aibu yenyewe ili tusizungushane. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, fundi bodi ambaye hapa Mbinga sijaletewa gari lililobonyea nikashindwa kulinyoosha, nililala chali sakafuni mbele ya mama mkwe wangu, mikono imejaa uji wa plastiki, kikao kizima kinanitazama. Wengine mmeisikia habari hii sokoni ikiwa imetiwa chumvi, eti nilizimia, eti nilikuwa nimelewa. Sikuzimia, na siku ile sikuonja hata tone. Nililala kwa akili zangu timamu, na walionifikisha pale nitawataja kwa majina, maana na wao wananitaja mimi kila siku.

Mnaonifahamu mnajua natembea nikiinamia upande mmoja. Miaka mingi imepita tangu lori la kahawa lilipopinduka nasi kwenye mteremko wa kule Matiri, tukiwa tumekaa juu ya magunia, na wenzangu wawili hawakuamka tena. Mimi niliamka, mguu umevunjika, wakanipakia kwenye pikapu fupi iliyokuwa na mizigo ya watu, wakanikunja kama nguo ya kwenda kufuliwa, tukaondoka. Hospitali walisema mfupa umevunjika mara mbili. Mara ya kwanza ni mlimani, hilo nakubali. Mara ya pili ni ndani ya pikapu, na nililia njia nzima nikiwaambia jamani ninyoosheni, ila hapakuwa na mahali pa kuninyooshea. Kwa hiyo ukiniuliza mimi gari la mgonjwa ni nini, sitakuambia injini wala rangi, nitakuambia sakafu.

Sasa kule Lituhi, kando ya ziwa, ukweni kwangu, wana kikundi cha kusaidiana kwenye magonjwa na misiba. Nyuma ya ukumbi wanakofanyia vikao kulikuwa na magari yao mawili mabovu: pikapu yenye injini nzima lakini kichwa kimepondwa na mti, na teksi kuukuu yenye bodi safi lakini injini hakuna. Wakapata wazo (zuri, nawasifu) kwamba yakatwe, yaunganishwe, litoke gari moja lenye paa refu mpaka nyuma, haya watu wanayoita stesheni, la kupandisha wagonjwa kutoka ziwani. Wakaita mafundi wawili. Mmoja mimi, mwingine Otmari.

Otmari mnamjua, yule mwenye gereji ya geti la bluu. Ana cheti. Amekitia kwenye fremu, amekitundika juu ya benchi la wateja, ukienda kuuliza bei ya kugonga bampa lazima kwanza ukisome. Anachora kwa rula na penseli mpaka tairi linataka kuzunguka kwenye karatasi. Mimi niliishia darasa la nne na penseli nikiishika inakatika ncha. Ndipo mwenyekiti wa kikundi, Mwalimu Damasi, mzee mstaafu aliyefundisha sayansi, akatuma ujumbe kwamba kila fundi aje na mfano wa gari litakavyokuwa, kikundi kione kisha kichague.

Mke wangu Hyasinta aliposikia akaacha hata kupepeta. "Baba Wilgis, mama yangu ni mjumbe kwenye hicho kikundi. Ukienda kuharibu, utakuwa umeharibu kwangu."

"Niharibu nini?" nikamwambia. "Mimi naunganisha magari ya kweli."

Mtuhumiwa wa kwanza ni Betram, muuza mitumba. Kwenye robota la midoli alikuta maboksi mawili ya vigari vya plastiki vya kuunganisha mwenyewe, vile ambavyo vipande vyote vimeshikiliwa kwenye kifremu, mlango huku, boneti kule, kama usipa, wale dagaa wa ziwani, waliotandazwa kwenye kichanja. Boksi moja lilichorwa pikapu. La pili lilichorwa teksi, au tuseme siyo teksi bali gari dogo la watu wanne, na kwa macho yangu ilikuwa ile ile ya Lituhi. Nikasema hapa Mungu ananijibu. Ila kitubu cha gundi kilichokuwa ndani kilikuwa kimekauka kikawa kama msumari. Nikamwonyesha Betram. Unajua alinijibu nini? "Fundi mzima unalilia gundi? Ukishindwa kuunganisha hivyo, nitakuletea watoto wangu wakufundishe." Watu wakacheka. Nikachukua maboksi yangu nikaondoka na kichwa kimepanda moto, badala ya kutulia nikaulizia gundi yake halisi.

Kazi yenyewe, jamani, niacheni nijisifu kidogo. Nilichukua chesisi na bodi ya pikapu, kichwa chake nikakikata kwa wembe nilioupasha moto. Juu yake nikaketisha kichwa cha teksi, na paa la teksi nikaliongezea lile la pikapu ili lifike nyuma. Nikasugua kwa msasa niliouzungushia kwenye njiti ya kiberiti mpaka ukipitisha ukucha huoni yalipokutania. Sakafu nikaifanya moja, ndefu, tambarare, toka mgongo wa dereva mpaka mlango wa nyuma. Nilikuwa nimevishikiza kwa mpira wa kufungia nywele wa mjukuu wangu, na hata hivyo majirani walikuja wakasimama mlangoni kulitazama. Nilikuwa nimeshinda tayari. Ilibaki gundi tu.

Mtuhumiwa wa pili ni shemeji yangu Gaudensi, mdogo wake Hyasinta, mvuvi, aliyekuwa amepanda Mbinga na gunia la usipa. Akaliona lile gari, akaona nilivyokwama, akasema, "Shemeji, gundi unayo hapo hapo kwenye pikipiki yako."

Akachomoa petroli kwenye tenki, akaimimina kwenye kikopo, akavunjavunja lile boya jeupe jepesi linalokuja ndani ya boksi la televisheni, akalitia humo. Likatoa sauti kama chumvi kwenye moto, likayeyuka, ukabaki uji unaonata kuliko mlenda. Kule ziwani, akasema, wanazibia ndoo na madumu kwa uji huo huo.

"Unashika kweli?"

"Shemeji, paka tu. Hata kiboko wa mto Ruhuhu akilikanyaga haliachii."

Mimi siyo mjinga, nikajaribu kwanza. Nikaziba ndoo ya Hyasinta iliyopasuka, nikajaza maji, hata tone halikupita. (Ndoo hiyo mpaka leo iko nyumbani na ndiyo inayonicheka kila asubuhi.) Basi nikapaka. Nikapaka kwenye paa, nikapaka kwenye maungio yote, na asubuhi ya safari, nilipofikiria mitikisiko ya njiani, nikaongeza mkono wa pili wa uji sakafuni, mnene, kwa kuwa sakafu ndiyo roho ya gari lile. Kisha nikaliweka kwenye kopo la biskuti, nikalifunika na kitambaa, nikafunga kifuniko na kukizungushia selotepu raundi tatu.

Hapo, kwenye selotepu, ndipo palipoharibika kila kitu, na nilifikiri natumia akili. Barabara ya kuteremkia Lituhi, pale kijiji cha Ruanda, inapita malori ya makaa ya mawe, vumbi lake likikukalia unatoka kama umetolewa jikoni, na nilisema gari langu halifiki mbele ya wakwe likiwa jeusi.

Nikalifunga kopo nyuma ya pikipiki, nikateremka. Jua lilikuwa kali tangu Kitai. Pale Ruanda nilisimama kunywa chai, na mama mwenye mgahawa akanusa, akasema, "Baba, kopo lako linanuka petroli, umebeba nini?" Nikamwambia nimebeba gari. Akacheka, akaomba kuona. Nikamjibu kwa maringo kabisa, "Mama, utaliona siku likiwa kubwa, litapita hapa mlangoni kwako." Ningemfungulia mama yule, nisingekuwa nasimulia haya.

Lituhi nilifika wamekaa tayari. Ukumbi umejaa, Otmari mbele na karatasi yake imebandikwa ubaoni, na mama mkwe kwenye safu ya wajumbe, kanga imefunika kichwa, kanitazama mara moja akatazama pembeni, kama adabu inavyotaka. Nikamwamkia kwa mbali, nikiwa nimeinama. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Basi, yakaishia hapo, maana sisi mkwe na mkwe hatuzoeani, hatukai benchi moja wala hatuli chombo kimoja, na mwanaume hajilazi mama mkwe akiwa anamwona. Mkumbuke hilo.

Otmari akaeleza karatasi yake kwa fimbo. Wakapiga makofi. Mimi nikasimama, nikaweka kopo mezani, na badala ya kufungua kimya kimya kama mtu mwenye hekima nikahutubia. Nikasema karatasi kila mtu anaweza kuchora, mimi nimeleta gari lenyewe, mtalishika kwa mikono yenu. Nikasema, "Mwenyekiti, sogea karibu." Nikachana selotepu, nikanyanyua kifuniko, harufu ikatoka mpaka safu ya nyuma wakaziba pua, nikashika kitambaa kwa ncha mbili za vidole nikakivuta juu.

Kitambaa kilikuja na paa.

Kilikuja na paa likinyumbuka kama jojo iliyotafunwa, na milango ikiwa imening'inia kwenye paa, na magurudumu mawili, mengine mawili yakabaki chini yamelala kifudifudi kwenye kitu ambacho siwezi kukiita sakafu. Halafu mtu nyuma akauliza kwa upole kabisa, "Hilo ndilo la kubeba wagonjwa, au ndilo mgonjwa?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mimi, kwa kuhangaika, nikaingiza mikono yote miwili nilinyooshe (mnyooshaji magari, si ndiyo kazi yangu), likanishika vidole. Nilipovuta mkono wa kulia, wa kushoto nao ukaja. Shemeji Gaudensi, aliyeniambia hata kiboko, nilimwona kwa macho yangu anatoka dirishani.

Mwalimu Damasi hakucheka. Alichungulia kopo, akanusa, akasema kama yuko darasani, "Fundi, boya lile jeupe na plastiki ya kigari hiki ni ndugu wa damu. Kilichomyeyusha mmoja lazima kimyeyushe na mwingine. Ndoo ni ukoo tofauti. Na ukafunga kifuniko, mvuke ukakosa pa kutokea." Nilitaka ardhi inimeze. Otmari ndiye aliyeniamsha hasira, na ndiye mtuhumiwa wa tatu, kwa sababu alicheka akasema, "Mzee wangu, kazi ya kukata na kuunganisha inataka shule."

Nikaitazama karatasi yake kwa mara ya kwanza kwa makini. Kusoma sijui sana, lakini viti navijua. Alikuwa amechora viti. Safu mbili, vizuri, na nyuma kanafasi ka mizigo.

"Otmari," nikasema, "mgonjwa analala wapi?"

"Anakaa hapa. Akizidiwa tunamlaza hapa nyuma, anakunja miguu kidogo."

Kidogo! Sijui nini kilinipanda. Nilisahau kikao, nilisahau plastiki, nilisahau nani ameketi kwenye safu ya wajumbe. Nikashuka sakafuni na mguu wangu huu, nikajinyoosha chali pale katikati ya ukumbi, mikono imeunganishwa kifuani kama maiti, nikapiga kelele, "Hivi! Mtu analala hivi! Pimeni! Chukueni kaa la mawe mchore kichwani na kisiginoni, na gari likiwa fupi kuliko mimi msilipande!"

Hakuna aliyecheka tena. Niligeuza kichwa kuona kwa nini, nikakutana na miguu ya mama mkwe. Alikuwa amesimama. Alivuta kanga mpaka usoni, akageuka, akatoka nje, na wanawake wenzake wakamfuata mmoja mmoja kama wanatoka msibani.

Nikiwa bado nimelala pale, niliona mkono wa Mwalimu Damasi unachora mstari juu ya kichwa changu, kisha anazunguka, anachora mwingine chini ya kisigino.

Kazi alipewa Otmari. Waliniambia kwa heshima kwamba ana cheti na gari lake halijayeyuka, ila wakamwamuru atoe viti na afuate mistari miwili ya sakafuni. Mimi nilipandisha Mbinga mikono inanata kwenye usukani wa pikipiki. Hyasinta habari ilimfikia kabla yangu. Siku ya tano ndipo aliponiambia, "Ungeyeyusha magari kumi, ningekutetea. Lakini kulala!" Nikatuma wazee na jogoo kuomba radhi. Jogoo alipokelewa, jibu halikurudi.

Gari linatembea sasa hivi, mmeliona. Ubavuni limeandikwa jina la gereji ya Otmari kwa herufi kubwa. Lakini watu wa ziwani hawaliiti hivyo. Mtu akizidiwa utasikia, "Kaliiteni Kopo!" Mwanzoni nilikuwa nikisikia hivyo naingia ndani kwa aibu.

Majuzi mama mkwe aliteleza mtoni akavunjika nyonga. Kopo lilimpandisha mpaka hospitali, na mimi nilisimama getini, mbali, kama inavyotakiwa, nikaona mlango wa nyuma unafunguliwa. Alikuwa amelala chali, miguu imenyooka yote miwili, na kichwani bado kulibaki nafasi ya kiganja. Alinigundua. Akamwita Hyasinta, akamnong'oneza, na Hyasinta akaja kwangu huku anajifuta macho.

"Mama anasema mwambie mkwe, sakafu inatosha."

Basi. Betram, Gaudensi na Otmari nimewataja na siwafuti, walichangia. Lakini selotepu niliizungusha mimi, raundi tatu, na naapa mbele yenu: kitu chochote nitakachokifunika tena maishani mwangu, nitakifunua kwanza nikiwa peke yangu. Kulala chini, hilo siliapii.