Kikao cha Kusimama

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa stoo ya kiwanda, juu kidogo ya kitasa, mahali ambapo kila anayekwenda kuchukua glovu lazima alione. Lilisema wafanyakazi wa kudumu tutaandikishwa bima ya afya pamoja na wategemezi wetu, na kwamba mwisho ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Chini yake waliongeza: "Kila mmoja alete viambatanisho vya wategemezi." Viambatanisho gani, halikusema.

Kazi yangu ni kufunga marobota ya pamba hapa Bariadi. Nilifanya kibarua cha msimu kwa miaka mingi kabla ya kupewa mkataba wa kudumu, na siku niliyopewa nilitafuta neno moja tu ndani yake, bima. Mdogo wetu wa mwisho ana selimundu. Baridi ya katikati ya mwaka ikiingia, mifupa inamuuma mpaka anang'ata shuka, na kila anapolazwa kitu kimoja kinatoka nyumbani: mbuzi, baiskeli, redio. Wazazi wetu walifariki yeye akiwa bado anatambaa na mimi nikiwa kidato cha pili. Sikurudi shuleni. Wa katikati wawili wameshajitegemea. Huyu bado yuko mgongoni kwangu, ingawa sasa miguu yake ni mirefu kuliko yangu.

Afisa utumishi wetu ni kijana mpole. Nilikwenda kwake nikiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, akaniambia kinachotakiwa ni picha, iwe na rangi ya bluu nyuma. Nikapeleka picha. Akakichukua cheti sasa, akakisoma, akakunja uso.

"Dada, huyu si mwanao."

"Ni mdogo wangu. Nimemlea mimi."

"Mfumo unatambua mwenza, mtoto na mzazi. Ndugu hayumo."

"Kwa hiyo?"

"Labda uwe mlezi wake kisheria. Lete barua ya ustawi wa jamii."

"Na kingine?"

"Hapana, ni hiyo tu."

Hilo "ni hiyo tu" nililisikia mpaka likaanza kuniwasha kama upupu. Fomu yangu alinirudishia kila mara. Hakutaka kuipokea ikiwa na pengo.

Mama ninayefunga naye marobota, mtu mzima mwenye mdomo usiopumzika, aliniona narudi na bahasha yangu akacheka.

"Mayu, wewe olewa tu. Mume anaandikwa kwa cheti kimoja, hata kama humjui vizuri."

"Nikimwandika mume, mtoto ndiyo atapona?"

"Hatapona, lakini utapata wa kukusaidia kumbeba."

Ustawi wa jamii nilimkuta mama wa miwani. Alitaka vyeti vya vifo vya wazazi. Nilikuwa navyo, kwa sababu niliwahi kuvihangaikia kwa ajili ya shule ya wadogo zangu. Nikashusha pumzi mapema mno. Alivisoma, akavipanga vizuri, kisha akauliza, "Na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichokukabidhi mtoto?"

Kikao kilikuwepo. Siku ya kumaliza msiba, kule Nkoma, wazee wa ukoo walikaa uani, baba yangu mdogo akauliza nani anamchukua mtoto. Kila mwanamume alianza kukohoa. Nikasema ni wangu. Wakakubali, kikao kikafungwa, watu wakala wakaondoka. Hakuna aliyeandika. Wangemwandikia nani, wakati wote waliohusika walikuwa pale?

Niliomba ruhusa kazini, nikapanda bodaboda hadi Nkoma. Baba mdogo nilimkuta shambani, ni wakati wa kuchuma, gunia limemning'inia kiunoni.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, ng'wana wane. Umekuja kuchuma au umekuja na maneno?"

Nikamweleza: akae na ndugu tena, warudie walichosema, mtendaji wa kijiji aandike. Alinisikiliza mpaka mwisho huku mikono yake ikiendelea kuchuma.

"Hapana," akasema. "Kikao cha kufunga msiba hakikaliwi mara mbili. Tukikaa tena, tunamkalia nani? Unataka tutafute maiti?"

"Baba, ni karatasi tu. Mtoto anaumwa."

"Najua anaumwa. Ndiyo maana sitaki kukaa. Kikao kile kikirudiwa kinatafuta mtu, na katika ukoo huu mgonjwa ni yeye."

Nilikaa chini kwenye mfereji wa shamba nikashika kichwa. Mjini hawanipokei mpaka watu wakae, na nyumbani watu hawawezi kukaa. Pande zote mbili zilikuwa zinamtakia mtoto mema, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Ningempata hata mtu mmoja mbaya, ningemgombeza.

Shangazi yangu, sengi, alikuwa mstari wa pili akichuma bila kutuangalia. Akasema, "Nani kawaambia mkae? Pamba inachumwa kwa kukaa?"

Baba mdogo aliacha kuchuma.

Kesho yake ndugu walikuja kumsaidia kuchuma. Jua lilipopanda, tukiwa katikati ya mistari, wote wima, baba mdogo akauliza kwa sauti lile swali la zamani, nani anamchukua mtoto. Safari hii hakuna aliyekohoa. Nikajibu, wakaitikia, na mtendaji akaandika akiwa ameegemeza karatasi juu ya gunia lililojaa. Mzee mmoja, goti likimsumbua, alianza kuchuchumaa. Sengi akamdaka shati.

"Simama wewe! Unataka kutuulia mtu?"

Tulicheka sana. Nilirudi Bariadi na majina yao yote, sahihi na dole gumba, karatasi ina vumbi la pamba.

Mama wa miwani aliusoma muhtasari asubuhi ya Ijumaa ile ya mwisho. "Mwenyekiti wa kikao ni nani? Hapa pako wazi."

Pako wazi kwa sababu baba mdogo alikataa kuandikwa mwenyekiti. Mwenyekiti ni mwenye kiti, na mwenye kiti amekaa. Ningemweleza vipi? Nikasema nitarudi, nikaenda moja kwa moja hadi kwa afisa utumishi na mavazi yangu ya safari.

"Pokea ilivyo," nikamwambia.

"Dada, haijakamilika."

"Najua haijakamilika. Nitajie basi vyote vinavyobaki, vyote, sasa hivi."

Akaigeuza kompyuta nione. "Hata mimi sivijui. Ukurasa unaofuata haufunguki mpaka huu ujazwe. Na mimi naambiwa kimoja kimoja kama wewe."

Sikutegemea kumhurumia. "Basi ujaze. Mwandike mtoto, uone utakuambia nini."

Akaandika jina lake, polepole, kama anayekanyaga tope. Akabonyeza. Maneno yakatokea kwa rangi ya njano: *Imepokelewa. Inasubiri kiambatanisho.*

"Kumbe inawezekana," akasema.

Kumbe inawezekana! Mwezi mzima nimetembea na bahasha kwapani, na njia ilikuwa pale kwenye kidole chake. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya stoo, nikapiga teke gunia la mbegu mpaka mguu ukauma.

Mambo yaliyobaki yaliisha kwa simu. Sengi alikubali kuwa mwenyekiti. Alisema yeye ameolewa ukoo mwingine, akikaa yeye ukoo haujakaa, na baba mdogo hakuweza kubishana na hilo. Barua ya ulezi ikatoka, rangi ya njano ikawa kijani, na mwishowe kadi ikaja. Mahali pa uhusiano pameandikwa: mtoto.

Baridi nayo haikukawia. Siku kadi inapata wiki moja nyumbani, miguu ikamshika. Nilimfikisha hospitali alfajiri, nikaweka kadi dirishani. Muuguzi aliisoma, akaniangalia, akamwangalia yeye aliyenipita urefu na sasa amejikunja kwenye kiti cha magurudumu.

"Wewe ndiye mama yake?"

"Ndiyo."

Mdogo wangu akainua kichwa. Nimemlea aseme ukweli hata akiwa na maumivu. "Si mama," akasema. "Ni dada yangu."

Kalamu ya muuguzi ikasimama. Nikainama karibu na sikio la mtoto.

"Nyamaza," nikamwambia. "Nakuomba, usituanzishe upya."

Muuguzi alitutazama kidogo. Kisha akaivuta kadi upande wake, akaanza kuandika.