Maua ya Alasiri ya Shangazi Mwanahamisi

Jirani yangu hupanda maua kwenye makopo ya maziwa. Kila jioni anapoyamwagilia, maji yakishagusa udongo mkavu na kutu ya kopo, harufu yake hupanda mpaka dirishani kwangu. Kwa wengine ni harufu ya udongo tu. Mimi ikinifikia huacha ninalolifanya nikakaa kitako, maana kwa muda mrefu wa usichana wangu sikunusa nyingine.

Nilivunja ungo nikiwa darasa la nne, katika shule ya kijiji chetu upande wa Handeni, wakati wa Mwingereza. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa kilichofuata, ila vijana nitawaeleza. Kwetu Wazigua, msichana akishavunja ungo alikuwa mwali, na mwali alifungiwa ndani. Haonwi na wanaume, hapigwi na jua, anafundwa, anapakwa mafuta, analishwa mpaka ngozi ing'ae. Siku akitolewa hupigiwa ngoma, na mara nyingi kutoka kwenye ngoma hiyo njia ilikuwa moja tu, ya kwa mume.

Wangu alikwishapatikana. Aliitwa Bwana Kibwana, mwenye duka la nguo pale Handeni, mkubwa kwa umri kuliko baba yangu, ana wake wawili na meno machache kuliko wake zake walivyotaka. Baba alikwishapokea posa. Mimi sikuulizwa, na wala sikushangaa kutoulizwa. Nilichokililia ni ramani ya Tanganyika iliyotundikwa ukutani darasani, ambayo mwalimu alikuwa ameanza kutufundisha kuisoma na tulikuwa bado hatujafika Ziwa Nyasa.

Nilipelekwa kwa dada yake baba, Shangazi Mwanahamisi, aliyekuwa akikaa Korogwe, Masuguru. Hakujaliwa mtoto, na nyumba yake ilikuwa na ua wa nyuma uliozungushiwa matete yaliyosukwa barabara. Nilisafiri kwa basi nimefunikwa kanga gubigubi, nikiitazama nchi kupitia nyuzi za kanga. Tulipofika, Shangazi alinionyesha chumba, akanionyesha ua, akanionyesha mlango. Kisha akatia komeo.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Asubuhi alikwenda kuuza chapati karibu na stesheni, akinifungia kwa nje. Mimi nilibaki na mtungi wa maji, uji, na kelele za watu nisiowaona. Watoto walipita wakiimba majedwali ya kuzidisha, na mimi nilijibu kimoyomoyo. Treni ilipiga honi, nami nikajiuliza inakwenda Tanga au inapanda Mombo. Chini ya uzio palikuwa na mwanya wa kimo cha kiganja, na nilipolala kifudifudi niliona miguu. Baada ya muda niliwajua watu wa mtaa mzima kwa nyayo zao: mwenye kidole kilichopinda, mwenye ndala za mpira wa gari, bibi aliyeburuza mguu wa kushoto. Sura zao sikuzijua hata moja.

Pembeni mwa uzio huo kulikuwa na safu ya makopo na madebe yenye maua. Kiswahili chetu kina mzaha wake: ua wa kufungia mtu na ua la kunusa vinaitwa kwa jina moja. Nilivichukia vyote viwili sawasawa.

Yale maua tuliyaita ya alasiri, kwa sababu asubuhi yalikuwa yamejikunyata kama ngumi, na jua likishapungua makali yalifumbuka kwa pamoja na kutoa harufu tamu. Masuguru nzima ilikuwa na mekundu. Shangazi alikuwa na meupe pia, aliyoyapata Mazinde, zamani alipokuwa yaya kwenye nyumba ya meneja mmoja Mgiriki wa shamba la mkonge. Huko alimwona mama yake meneja, kikongwe mwenye miwani, akihamisha unga wa ua moja kwenda ua jingine kwa unyoya wa kuku. Hakumfundisha mtu. Shangazi alitazama tu, akiwa na mtoto wa watu mgongoni.

Siku moja aliporudi kutoka stesheni aliniita. "Wewe una macho mazuri. Yangu yananionyesha vitu viwiliviwili. Njoo unishikie hapa."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ua jeupe lililokaribia kufumbuka tulilipasua taratibu kwa ukucha, tukaondoa nyuzi zake zenye unga kabla halijajipaka lenyewe. Kisha tuliligusa kwa unga wa ua jekundu, tukalifunga uzi ili tulijue. Kila ua lilizaa mbegu moja, nyeusi kama punje ya pilipili manga. Mkono ukitetemeka, umeharibu.

"Shangazi," nilimuuliza, "haya yanatusaidia nini?"

"Hayasaidii kitu. Ndiyo maana nayapenda."

Tulipanda zile mbegu, na zilipochanua hapakuwa na jekundu wala jeupe. Yote yalikuwa ya waridi, rangi ya ulimi wa mtoto mchanga. Shangazi alitandika mkeka mbele ya makopo, akayatazama mpaka sala nusura impite. Rangi ile haikuwapo Korogwe nzima. Nami, lazima niseme, moyo wangu uliruka kidogo, kisha nikakumbuka kwamba niko kifungoni na nikaukataza.

Lakini Shangazi hakutaka waridi la mara moja. Alitaka linalozaa mfano wake. Tukachukua mbegu za yale ya waridi, tukazipanda, tukangoja mvua na jua. Yakatoka mengine mekundu, mengine meupe, na ya waridi yamechanganyika humohumo.

"Rangi zimerudi kwao," alisema, akaanza kung'oa mekundu na meupe na kuyatupa.

Tukaanza tena, tukapanda mbegu za waridi peke yake. Rangi zikarudi kwao tena. Wenzangu wa kijijini waliofungiwa wakati mmoja nami walikwishatolewa, wengine walikwishaolewa. Mama alinijia kwa basi na kuku wawili, akanitazama, akamuuliza wifi yake kwa adabu, "Anakaribia kutoka?"

"Hajaiva," alisema Shangazi.

Nililisikia neno hilo nikiwa nyuma ya ukuta mara nyingi baadaye. Mjumbe wa baba alikuja, akajibiwa hajaiva. Mjumbe wa Bwana Kibwana alikuja na kanga mpya, akapewa chai na jibu lilelile, na kanga akarudi nazo. Mimi nilijua sababu, au nilidhani najua. Yule mwanamke alikuwa amepata macho na vidole vya bure vya kumshikia maua yake, na hangeviachia mpaka waridi limtii. Waridi halikuwa na haraka. Nilianza kuota kwamba nimezeeka ndani ya matete, na watu wananijua kwa miguu tu.

Kisha wakaja wenyewe. Dada yake Bwana Kibwana, mwanamke mnene mwenye harufu ya udi, alikuja na wenziwe wawili kumtazama mwali. Shangazi alikuwa na habari tangu siku iliyotangulia. Asubuhi ile hakwenda stesheni. Aliniambia nibadilishe udongo wa makopo yote, nichanganye na samadi kwa mikono. Nilipotaka kuoga alisema, "Watatukuta hivihivi."

Walinikuta hivihivi. Niliwaamkia shikamoo nikiwa nimepiga magoti, na yule mama akauchukua mkono wangu, akaugeuza kama mtu anayenunua samaki. Kucha zilikuwa nyeusi. Viganja vilikuwa na sugu.

"Huyu ni mwali," aliuliza, "au kibarua wa mkonge?"

"Mwali wangu anapenda kulima," alisema Shangazi.

"Mwali halimi, dada yangu."

"Basi hajaiva. Nendeni, nitawaita."

Waliondoka chai ikiwa bado inatoa moshi. Nililia mpaka kwikwi. Sikumtaka Bwana Kibwana, Mungu ni shahidi yangu, lakini kukataliwa kunauma hata na mtu usiyemtaka. Shangazi aliipunguza ile chai kikombe kimoja baada ya kingine, akainywa yote peke yake.

Mvua za vuli zilifika. Nyuma ya bafu la matete palikuwa na jalala letu, tulipotupa yaliyong'olewa na yale yaliyozeeka na kukauka. Alasiri moja nilikwenda kumwaga maji nikaona jalala limechanua. Upande mmoja ulikuwa waridi tupu. Yalikuwa yale ya kwanza kabisa, ambayo tuliyatupa tukidhani yamekufa. Nilifukua kwa vidole nikakuta mizizi minene kama mihogo, na juu yake macho mapya yanachipua.

"Shangazi," nikaita, "haya hayakufa."

Alikuja, akachuchumaa, akautwaa mzizi mmoja mkononi. Nilimwambia nilivyofikiri: mbegu inachanganya, ila mzizi ni ule ule. Tukiugawa tutapata waridi lile lile, hata makopo mia. Alinitazama, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kabla ya hapo. Kicheko chake kilikuwa cha kitoto, hakikufanana na urefu wake. Tuligawa mizizi mpaka magharibi, na msimu ule watu wa mtaa walianza kubisha hodi kuomba kipande. Mpaka leo wapo wanaoliita ua lile Mwanahamisi.

Habari zikaja kwamba Bwana Kibwana amechoka kungoja, ameoa binti wa mtu mwingine. Baba alikuja mwenyewe, amefura. Kutoka chumbani nilisikia sauti yake ikipanda, ikishuka, na ya Shangazi ikibaki palepale. Alipoondoka, Shangazi alilitoa komeo akaliweka juu ya kabati. Nikatolewa kwa ngoma ndogo ya majirani. Jua liliniumiza macho, na nilikuwa nikitazama miguu ya watu kwanza ndipo niinue uso nijue nani ni nani. Mwezi uliofuata Shangazi alinishika mkono akanipeleka shuleni, nikakaa dawati la nyuma, mkubwa kuliko wote.

Hata hivyo sikumsamehe. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikaolewa na mtu niliyemtaka, na kila mahali nilisimulia, kwa uchungu na kwa mzaha, habari za shangazi yangu aliyenifungia muda mrefu kuliko mwali yeyote wa Handeni kwa ajili ya maua. Nilizisimulia hata mbele ya mama, binti yangu mkubwa alipovunja ungo. Watu walicheka. Mama hakucheka. Alingoja wageni watoke.

"Mwanangu umesoma," alisema, "lakini hilo hukulisoma. Mwanahamisi aliozwa hajamaliza kuota matiti. Kwa mzee. Unadhani kwa nini hakuzaa?"

Nilikwenda Korogwe wiki ileile. Shangazi alikuwa amezeeka, macho yamekwisha, anachambua mchele kwa vidole. Nilimuuliza waziwazi, kama mtu mzima anavyomuuliza mtu mzima: alinifungia kwa sababu ya maua, au kwa sababu ya Bwana Kibwana?

Aliendelea kuchambua. Alisema maua aliyapenda, asingenidanganya, na kukaa nami uani pia kulimpendeza, tena pengine kupita kiasi. Mtoto wa kaka yake hakuwa na uwezo wa kumkatalia baba, na kaka yake hakuwa na masikio. Palibaki mlango wa kufunga.

"Ulinichukia," alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Nilijua. Mimi sikuwa na mtu wa kunifungia."

Nikausogeza ungo katikati yetu, tukachambua pamoja mpaka mchele ukaisha.