Nani Aliyekata Miche ya Mwanatumu

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa. La, nimekosea, ulikuwa wa kumi na nane, maana mafuriko ya mto Sabaki yalikuwa ndiyo kwanza yametulia, na pale mto unapoingia baharini pamebaki tope jipya, tupu, halina hata jani. Hapo ndipo Mwanatumu alipopanda mikoko yake.

Mwanatumu ni Mbajuni, mjane wa mvuvi. Siku walipofika Sabaki kutoka visiwani, yeye na marehemu mumewe, hawakuwa na pa kulala. Aliyewakatia boriti na kuwaezekea makuti ni jirani yao Kazungu, Mgiriama mfuga mbuzi, panga halimtoki kiunoni wala mzaha haumtoki mdomoni. Tangu hapo wakawa ndugu. Idi ikifika Kazungu aletewa sahani yake. Mbuzi wakikamuliwa, kibuyu kimoja ni cha Mwanatumu.

Kilichompandisha mikoko ni kamba, wale wadogo aliokuwa akiwatanda kwa chandarua na kuwauza. Kamba hujificha kwenye mizizi ya mikoko wakiwa wachanga. Mikoko ilipobebwa na maji, nao wakatoweka, na chungu cha Mwanatumu kikawa hakina kitu.

Kazungu alicheka. "Dada, umekosa shamba mpaka walima tope? Siku ya kuvuna niite, nije na kikapu."

"We cheka tu. Ukija kuomba kamba nitakupa maganda."

Siku chache tu, miche ikaanza kuanguka. Haikung'olewa wala haikuoza. Ilikatwa karibu na tope. Raihana, mwenzake wa kutanda, akaokota mmoja, akaguna.

"Mbuzi hula majani, shoga. Hii kazi ya mwenye panga."

"Usinitajie mtu."

"Kwani nimemtaja nani?"

Tangu hapo kila alilofanya Kazungu likawa na jambo nyuma yake. Akipita na panga, mbona apitia huku? Asipopita, ajificha nini? Mbuzi amewafunga, kwa nini wiki hii? Na ule mzaha wa kikapu, kumbe haukuwa mzaha! Mwanatumu aliona nyayo topeni, kubwa, za miguu mitupu. Nani Sabaki hatembei miguu mitupu? Hilo hakujiuliza. Kibuyu kilipoletwa, maziwa alimmiminia paka.

Ijumaa moja, kisimani, watu wamejaa, akapaza sauti.

"Anikatiaye miche ajijua. Kesho nasomesha halbadiri. Imfuate aliko!"

Ndoo zikasimama. Halbadiri si maneno ya kuchezea. Kisomo kile kikishatoka humwinda mwenye kosa mpaka kimvimbishe tumbo. Kazungu alikuwa pale pale akinywesha mbuzi. Mara hii hakucheka.

"Dada, wasema na mimi?"

"Nasema na anayejijua."

Kesho yake, kabla mwalimu hajafungua kitabu, Kazungu alikuwa ameshafungasha, mbuzi, sufuria na mke, amerudi kwao Kaloleni.

"Umeona?" akasema Raihana.

Kisomo hakikusomwa tena. Kisomewe nani, na mwizi kakimbia?

Lakini miche iliendelea kukatwa.

Asubuhi moja maji yamekupwa, Mwanatumu akajikunyata nyuma ya gogo, ajue mwizi wa pili ni nani. Kaa akatoka shimoni, mdogo, gando jekundu. Akaukumbatia mche, akautafuna shina taratibu mpaka ukalala, akauburura hadi shimoni. Akatoka mwingine. Mwanatumu akakaa kitako topeni, buibui na yote.

Kwenye mikoko mikubwa kaa hula majani yaliyodondoka, na mashimo yao hupitisha hewa, mizizi ikapumua. Hapa hapakuwa na mti wa kudondosha jani. Alikuwa amewachomekea wenye njaa chakula pekee kilichokuwapo.

Mbegu nyingine aliziweka kivulini kwanza, mpaka zikakakamaa na utamu ukapungua, ndipo akazipanda. Akabeba na majani makuukuu kutoka ng'ambo, akawamwagia kaa. Kidogo kidogo miche ikashika. Leo kamba wamerudi.

Alimpigia Kazungu simu. "Ni kaa, kakangu. Waliokuwa wakikata ni kaa. Niwie radhi."

"Nimesikia," akasema Kazungu, na simu ikakatika.

Hakurudi. Nyumba yake imebomoka ukuta mmoja. Kila Idi Mwanatumu hupakua sahani moja zaidi, ikipoa humpa mpita njia, na mwaka jana mpita njia nilikuwa mimi. Nilimwuliza juu ya Kazungu, akaanza kukusanya vyombo. Nikapita Kaloleni, nikamwuliza Kazungu mwenyewe, akawaswaga mbuzi wake wakanipita. Kama waliokata ni kaa, yeye alikimbia nini?