Mkate wa Musyu

Usiku ule wa kuamkia mbio za kombe nilikuwa nimejilaza kwenye sakafu ya bafu, nimevaa makoti mawili juu ya mfuko wa nailoni, nikijikamua jasho. Mizani ilikuwa imenigomea: kilo hamsini na nne, na mwisho ilikuwa hamsini na mbili. Tajiri alishaniambia, nikizidi hata kidogo farasi wake Radi anapewa mpandaji mwingine. Na kwa umri wangu, nikishushwa kwa Radi, nani tena atanipa farasi? Siku tatu sikuwa nimetia kitu mdomoni ila barafu. Nilikuwa nimekata tamaa, sikufichi.

Mara nikamwona Musyu. Huyu alikuwa mwalimu wangu, Mfaransa, bingwa wa mbio za farasi kwao miaka mingi kabla hajaja Nairobi kutufundisha. Alikufa mwaka juzi. Moyo ulisimama tu, na sisi wanafunzi wake tulijua kwa nini: maisha yake yote alijikausha. Alikuwa na kipande cha mkate mfukoni. Ikifika saa saba mchana anakitoa, anakinusa, anakirudisha, basi amekula. Na sisi tukamwiga, wajinga sisi.

Bafu limekuwa chumba cha mizani. Nje watu wanashangilia, mbio zimekwisha, nimeshinda. Kila amalizaye mbio hupimwa tena na tandiko lake, ndiyo desturi, na Musyu ametangulia na lake mkononi. Anapanda mizani. Mshale hautikisiki.

"Sasa wewe," anasema.

Napanda. Mshale hautikisiki. Sifuri! Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nikarukaruka palepale juu ya mizani. "Musyu, nimepungua! Tazama, nimepungua!" Wala sikujiuliza ni mtu gani aliye hai asiye na uzito. Nilichowaza ni kwamba Radi ni wangu.

Nikamgeukia anipongeze. Analia. Sikuwahi kumwona Musyu akilia, hata siku farasi alipomvunja bega. Sasa tuko zizini, nyasi kavu zinanukia, na kikombe chake cha ubingwa, kile alichokuwa akitukataza kukigusa, kiko chini, farasi wanakinywea maji. Anatoa mkate mfukoni. Hanusi. Ananisogezea mdomoni, na vidole vyake ni baridi.

"Mimi nilinusa tu," anasema. "Wewe kula."

"Nikila nampoteza Radi!" nikamlilia. "Musyu, sina kazi nyingine mimi!"

Mkate ukabaki pale mbele ya midomo yangu.

Nikazinduka. Mke wangu alikuwa anagonga mlango wa bafu. "Baba Kioko! Baba Kioko, fungua!" Nikajaribu kusimama, miguu ikakataa. Moyo unadunda, unaruka, unanyamaza kidogo, unadunda tena. Nikatambaa hadi mlangoni nikafungua komeo.

"Mama Kioko," nikasema, "kuna mkate?"

Miaka kumi na miwili ya ndoa, sikuwahi kumwuliza swali hilo. Akakimbilia jikoni, nikasikia kisu kikimponyoka, akakiokota. Nikala palepale sakafuni nikilia kwa sauti, nikijua kabisa kwamba Radi ameshaenda, nikamwomba aniongezee kipande kingine.