Ua Lililopelekwa Lindoni

Mume wangu ni askari polisi, na kwa miaka sita mfululizo zamu za usiku zilimnyima kuona dungusi letu likichanua. Ni mmea wa jangwani, una miiba na sura ya ugomvi. Niliuotesha mlangoni petu, kwenye nyumba za polisi Nsambya, ndani ya ndoo kuukuu ya rangi. Huchanua usiku mmoja tu kwa mwaka, mvua zikianza. Yeye akirudi alfajiri hukuta ua limelegea kama shingo ya kuku aliyechinjwa.

"Mama watoto, hii maua yako ni ya kusikia tu," hunitania.

Nami hukasirika kwelikweli, maana sijui kufurahia kitu kizuri peke yangu.

Mwaka huu likatoka tumba moja tu. Safari hii mume wangu akalishughulikia kiaskari. Akabandika ratiba ya lindo ukutani, mimi asubuhi, binti yetu jioni, na kila mlinzi aandike daftarini tumba limefikia wapi. Kwa taarifa hizo akaamua kwamba siku yenyewe ni Jumanne, akabadilishana zamu na mwenzake. Jumanne hiyo tukakaa nje na chupa ya chai ya tangawizi mpaka saa nane za usiku. Tumba likafunga mdomo kama mshukiwa. Akaenda kulala amenuna.

Jumatano akarudi kazini, kwenye lango la bohari chini ya kilima chetu. Saa tatu usiku jirani yetu, mama wa Kikongo aliyenipa kipande cha kwanza cha mmea huo, akagonga dirisha langu.

"Mama, kuya uone! Maua inaanza kufunguka!"

Nilitoka, nikaliona, nikafurahi, na papo hapo hasira zikanipanda. Mwaka mwingine tena aletewe hadithi? Thubutu! Nikasokota leso ikawa ngata, jirani akanitwika ndoo, tukashuka kilima, yeye mbele na tochi, mimi nyuma nachomwa masikioni na miiba ya matawi yanayoning'inia. Watu barabarani wakatuuliza tumemwibia nani. Tulicheka hadi ndoo ikataka kunitoka.

"Simama hapo!" Ilikuwa sauti ya mume wangu, ile ya kazini, ambayo nyumbani sijawahi kuisikia. "Nani huyo? Iko nini kwa hiyo ndoo?"

"Ni mimi. Nimeleta maua."

"Weka chini. Rudi nyuma."

Mwanamume huyu! Nikaitua, nikarudi nyuma. Akaanza kuikagua kama anavyokagua kila mzigo unaofika langoni pake: chini ya ndoo, pembeni, mpaka akauchokonoa udongo kwa kidole. Mke au si mke, hakuruka hatua hata moja. Kisha mwanga wa tochi yake ukapanda taratibu kwenye shina, ukafika juu.

Ua lilikuwa wazi lote, jeupe, pana kuliko kisahani, na harufu yake imejaa pale langoni.

"Kumbe ni kweli," akasema, polepole. Akavua kofia. Akachuchumaa mbele ya ndoo, akaligeuzia lango mgongo, akasahau kwamba ana bunduki begani.

Kwa nusu saa nzima bohari ile ililindwa na mimi na jirani yangu.